Asionekane Pichani

Picha ilimfikia Kasiva akiwa amepiga magoti, anapangusa jukwaa la kanisa kwa kitambaa kibichi. Simu ilitetema mfukoni mwa aproni. Aliitoa kwa vidole viwili, akaona imetoka kwa Sista Rael, kiongozi wa akina mama. Hapakuwa na salamu, ila picha tu. Binti yake Ndinda alikuwa amechuchumaa kwenye veranda safi, mikono imejaa unga wa rangi ya machungwa, anachora ua kubwa sakafuni kwa kuunyunyiza unga ule kidogo kidogo. Watoto wengine walikuwa wamemzunguka. Alikuwa anacheka, pengo la jino linaonekana, na katikati ya paji la uso wake alikuwa amewekwa nukta nyekundu.

Kwanza Kasiva alifurahi. Jambo hilo hakuja kumwambia mtu yeyote baadaye, lakini ndivyo ilivyokuwa: alifurahi, akaikuza picha ili aone vizuri jinsi petali za ua zilivyokaa. Ndipo alipogundua kwamba Rael hakuwa amemtumia yeye peke yake. Picha ilikuwa kwenye kundi la akina mama wa kanisa zima, na chini yake Rael alikuwa ameandika: "Akina mama, tuombee watoto wetu. Adui anaingia kupitia shule." Hakumtaja mtu. Hakukuwa na haja. Walioijibu walikuwa wameweka mikono ya kuomba, mmoja baada ya mwingine.

Ndinda alikuwa na miaka sita, na alisoma katika shule ndogo ya chekechea kule Spring Valley ambako baba yake, Mwanzia, alikuwa mpishi. Haikuwa shule ya watu wa mitaa kama Riruta, walikoishi wao. Alikuwa amepata nafasi kwa sababu mwenye shule, Madam Vaishali, aliamini kwamba mtoto wa mfanyakazi anafaa kukaa darasani na wengine. Kila msimu ulipofika, watoto wa shule ile waliusherehekea kwa mikono yao. Idi walikata nyota na miezi ya karatasi, Vaisakhi, sikukuu ya Masingasinga, wakarusha tiara, Pasaka wakapaka mayai rangi. Sasa ilikuwa wiki ya Diwali, sikukuu ya taa ya Wahindu, na wote walikuwa wanajifunza rangoli, ile michoro ya unga wa rangi ambayo Wahindi huchora mlangoni kukaribisha heri. Ijumaa wazazi wangealikwa kuja kuona na watoto wangecheza ngoma ya taa.

Alasiri hiyo akina mama walikuja kwa ushirika wao wa kila Jumanne. Walimsalimia Kasiva vizuri, pengine vizuri kupita siku zote. Mmoja alimsaidia kupanga viti bila kuombwa. Waliimba, wakaomba, na walipofika kwenye maombi ya watoto waliomba kwa sauti ndefu wakiwa wamefumba macho, na Kasiva akaomba pamoja nao kwa kuwa hakujua afanye nini kingine. Walipomaliza, Rael alimvuta kando karibu na ngoma.

"Mama Ndinda, mimi si adui yako," alimwambia. "Ningenyamaza, Pasta angesikia kwa watu wabaya."

"Kwa hivyo ameona?"

"Ameona. Atapitia kwako jioni."

Kasiva alimshukuru. Alijishangaa alivyomshukuru.

Chumba chao kilikuwa nyuma ya kanisa, kimeegemezwa ukutani kama mtoto anavyobebwa mgongoni. Ukuta mmoja ulikuwa wa kanisa na mitatu ilikuwa ya mabati. Hawakulipa kodi. Kasiva alifagia, alipiga deki, alifungua na kufunga, na kwa hayo familia ikapata mahali pa kulala. Ubaya wake ulikuwa mmoja: kila kinachosemwa ndani kilisikika kwenye chumba cha maombi upande wa pili. Kwa hiyo Mwanzia na mke wake walikuwa wamejifunza kugombana kwa kunong'ona. Walikuwa wamezoea kiasi kwamba hata wakiwa nje barabarani, hasira ikipanda, sauti zao zilishuka.

Mwanzia alirudi na Ndinda kabla jua halijazama. Mtoto alikuwa na rangi ya machungwa chini ya kucha, na alianza kueleza hata kabla ya kuvua viatu: unga unashikwa hivi, kati ya kidole gumba na hiki, halafu unauacha uanguke wenyewe, ukiulazimisha unamwagika. Kasiva alimpa ndizi, akamwambia akakae mlangoni. Kisha akamwonyesha mume wake simu.

Mwanzia aliitazama picha kwa muda. "Nani ameitoa?"

"Ni shule yenu imeiweka kwa mtandao. Mtu yeyote angeiona."

"Ni watoto wanachora maua, Kasiva."

"Mimi najua ni maua. Kamwambie Pasta."

Hawakuendelea, kwa sababu Pasta Bramwel alikuwa tayari anabisha hodi. Alikuwa mwanamume mpole, mwenye shingo nene na viatu vilivyong'arishwa. Aliketi kwenye kiti cha pekee, wao wakaketi kitandani. Chai aliikataa kwa heshima, na Kasiva akajua mambo ni mabaya, kwa kuwa hakuwahi kumwona Pasta akikataa chai.

Alianza mbali. Aliuliza habari za kazi, akasifu usafi wa kanisa. Kisha akaeleza kwamba yeye hamchukii mtu. "Hata simiti ya hapa tulinunua kwa yule Mhindi Rajinder pale Dagoretti Corner, na akatupunguzia. Mzee mzuri kabisa. Lakini kuuziana simiti ni kitu moja, na ibada ni kitu ingine."

"Si ibada, Pasta," Mwanzia alisema. "Ni sanaa. Wanachora maua."

"Maua ya nani?"

Mlangoni Ndinda aligeuka, akasema kwa furaha kwamba ni maua ya Diwali, ya kukaribisha mungu wa kike anayeleta mali, na kwamba nyayo ndogo za mungu huyo walikuwa wamezichora pia, kwa unga mweupe, kuanzia kwenye ngazi. Kasiva alimwomba aende kwa jirani akacheze.

Pasta alingoja mtoto aende. Aliposema tena sauti yake ilikuwa ya uchovu zaidi kuliko ukali. Alisema wazee wa kanisa walikuwa wanamuuliza kila wakikutana kwa nini chumba cha kanisa kinakaliwa na familia moja, wakati mpiga kinanda hana pa kukaa. Yeye alikuwa amewatetea. Alikuwa amesema hii ni familia inayosimama vizuri. Sasa picha hii ilikuwa imefika kwa wazee, na wao hawakuwa wanauliza tena, walikuwa wanasema. "Ijumaa mtoto asicheze hiyo ngoma. Jumapili mumlete mbele tumuombee. Hayo mawili tu. Nikipata hayo mawili, mimi nitawafunga wazee mdomo."

Aliposimama kuondoka, aliweka mkono juu ya mabati ya ukuta, akayagusa kama mtu anayepima kama yanafaa. Huenda hakuwa na maana yoyote.

Kesho yake Kasiva aliomba ruhusa kwa mtu asiyekuwepo, yaani alifunga kanisa mwenyewe na kwenda Spring Valley. Mwanzia alikuwa amekataa kusema na Madam. Alisema mpishi hawezi kuingia ofisini kueleza dini ya watu, mama anaweza. Kasiva alivaa nguo yake ya Jumapili. Getini mlinzi, Oyoo, hakumjua. Alimwonyesha benchi la wafanyakazi wanaotafuta kazi, na alipomwambia kwamba yeye ni mzazi, Oyoo aliitazama nguo, akamwambia akae pale pale angojee. Magari ya wazazi wengine yaliingia bila kuulizwa. Kasiva aliketi na wasichana wawili waliokuwa wanatafuta kazi ya nyumba, na mmoja akamuuliza kama anajua kupika chapati za Wahindi.

Madam Vaishali alipopata habari alikuja mwenyewe hadi getini, akamwomba msamaha, akamshika mkono, akaenda naye ofisini. Alikuwa mwanamke mwembamba mwenye nywele zilizoanza mvi ambazo hakuzificha. Aliagiza chai. Kasiva alieleza kwa shida. Alisema kanisa lao lina msimamo, na kwamba wangeomba Ndinda asije Ijumaa.

Vaishali hakukasirika. Ingekuwa rahisi kama angekasirika.

"Hapa hakuna mtoto analazimishwa," alisema. "Akikaa nyumbani, akae. Lakini mimi nataka nikuambie ukweli, mama kwa mama. Kuna wazazi wananiuliza kwa nini mtoto wa jikoni anakaa na watoto wao. Wananiuliza kwa adabu, lakini wanauliza. Kamati itaamua mwaka ujao kama tutaendelea na hiyo nafasi ya watoto wa wafanyakazi. Mimi nilisema wangojee. Nilisema waje Ijumaa, wamuone huyu msichana vile anachora." Alimsogezea Kasiva kikombe. "Nimemweka mbele, Mama Ndinda. Katikati kabisa. Asipokuja, nitawaambia nini?"

Kasiva aliiangalia chai. Jibu lilikuwa mdomoni mwake: na akionekana, Madam, mimi nitalala wapi? Lakini shuleni hapakuwa na aliyejua kwamba wanaishi kwenye chumba cha bure cha kanisa. Mwanzia alikuwa amewaambia wamepanga. Alilimeza jibu lile, akasema amesikia, na akashukuru kwa mara ya pili katika siku mbili kwa jambo lililomkaba shingo.

Alipokuwa anatoka alimkuta mwalimu wa sanaa, Gurleen, anaosha brashi kwenye bomba la nje. Alikuwa msichana mdogo tu, wa mwaka wa kwanza kazini, bangili ya chuma ikigonga sinki kila alipozungusha mkono. Nyuma yake, kwenye veranda, ua la Ndinda lilikuwa bado lipo, limezungushiwa kamba ili lisikanyagwe. Kasiva hakuwa ameliona kwa macho yake. Lilikuwa kubwa kuliko kitanda chao. Alisimama akasahau alichotaka kusema.

"Ni yeye alichagua rangi," Gurleen alimwambia. "Mimi nilimsaidia duara ya kwanza tu."

"Ticha, naomba kitu moja," Kasiva alisema. "Atakuja Ijumaa. Lakini asionekane kwa picha. Wala asicheze ile ngoma. Tafadhali. Hata Madam usimwambie."

Gurleen alimwangalia. Naye alikuwa na picha zake ambazo hazingeweza kufika nyumbani kwao, kwa hiyo hakuuliza sababu. Alifikiri tu kwamba ni jambo dogo, linalowezekana. Alisema atajaribu.

Usiku huo walinong'ona.

"Kwa hivyo Pasta tunamwambia nini?" Mwanzia aliuliza.

"Tunamwambia hatacheza. Na hatacheza. Si uongo."

"Na Madam?"

"Madam anataka aje. Atakuja."

"Kasiva, mtoto ana kiwiliwili kimoja. Wewe umemgawa."

"Basi chagua wewe," alimwambia. "Wewe ndio kichwa ya nyumba. Chagua: hapa ama kule."

Mwanzia hakuchagua. Aligeukia ukuta. Kutoka huko alisema kwamba mwaka ujao pengine angepata kazi ya hoteli, wapange chumba chao mahali pengine, Kawangware au hata Kangemi, na wasiulizwe na mtu. Maneno yale Kasiva alikuwa ameyasikia kabla Ndinda hajazaliwa.

Ijumaa Kasiva alikwenda kumsaidia mume wake jikoni. Wageni walikuwa wengi na Madam alikuwa amekubali aletwe mtu wa kukaanga bhajia. Jiko lilikuwa na dirisha la kupitishia chakula, na kupitia dirisha hilo Kasiva aliona uwanja wote: pazia la jukwaa lililoshonwa kwa sari za zamani, taa za udongo zilizopakwa rangi na watoto, kamba za maua ya machungwa, wazazi wakifika kwa nguo zinazometa, na nyanya mmoja, Bi Indu, akiongozwa kwa mkono hadi kwenye kiti cha mbele.

Ndinda alivaa sketi ya kijani ambayo shule ilimwazima. Alikuwa amejua tangu asubuhi kwamba hatacheza ngoma, na alikuwa ameambiwa kwamba ni kwa sababu kanisani hawataki. Alikubali upesi, kama watoto wanavyokubali mambo wasiyoyaelewa, kwa kuwa bado kulikuwa na ua. Ua halikuwa ngoma. Alikwenda akasimama karibu nalo na mikono nyuma, akingoja watu waje waulize.

Walikuja. Na kila mtu aliyekuja alikuja na simu mkononi. Mara ya kwanza simu ilipoinuliwa, Gurleen alimshika Ndinda bega taratibu, akamsogeza pembeni. Picha ilipigwa, akamrudisha. Familia nyingine ikaja, akamsogeza tena. Gurleen alifanya hivyo kwa upole, akitabasamu, akimnong'oneza neno kila mara, na mtoto akadhani ni mchezo, akawa anacheka na kurukia pembeni mwenyewe. Baadaye akaacha kucheka. Kasiva alikuwa anatazama na mwiko mkononi. Mafuta yaliungua, Mwanzia akamsogeza naye pia, akachukua mwiko.

Mwishowe watu walikuwa wengi mno. Gurleen hakuweza tena kumkinga kila upande, akampeleka nyuma ya pazia, akampa sinia ya taa, akamwambia kazi yake ni kumpa taa kila mwenzake anayeingia jukwaani. Ilikuwa kazi muhimu, alimwambia. Bila yeye hakungekuwa na ngoma.

Bi Indu aliomba ainuliwe akaone rangoli. Alisimama kando ya ua lile muda mrefu, ameegemea fimbo. Aliinama, akanyoosha kidole bila kugusa, akafuata petali moja kutoka katikati hadi ukingoni. Kisha akauliza kwa sauti ya wasiosikia vizuri, "Hii mkono ni ya nani? Katikati hapa. Hii si mkono ya mwalimu."

Gurleen alitazama kulia na kushoto. Simu zilikuwa zimeinuliwa zote.

"Watoto wote, Bibi," alisema. "Wamefanya pamoja."

"Hapana," bibi alisema. "Hii ni mtu mmoja."

"Wote pamoja," Gurleen alirudia.

Pazia lilikuwa hatua chache tu kutoka pale. Kwa chini yake Kasiva aliona viatu vya Ndinda, vyeusi, alivyovipaka kiwi yeye mwenyewe asubuhi. Vilikuwa vimesimama kimya kabisa. Kisha viligeuka vikaelekea ndani.

Ngoma ilipokwisha, Madam Vaishali alichukua kipaza sauti, akawashukuru wazazi, akasema kuna mtoto mmoja angependa wamjue. Alimwita Ndinda kwa jina. Hakutokea. Alimwita tena. Mwenyekiti wa kamati, Bwana Aliasgar, aliyekuwa ameketi mbele na mtoto wake mapajani, aligeuza shingo kutafuta. Gurleen alikimbia akamnong'oneza Madam kwamba mtoto anaumwa tumbo. Vaishali alikunja uso. Alitembea mpaka kwenye dirisha la jiko, kipaza sauti bado mkononi ingawa alikuwa amekizima.

"Mwanzia, ni kweli? Tumbo?"

Mwanzia alikuwa na unga mikononi hadi viwikoni. Alimwangalia mke wake, kisha akaangalia sufuria.

"Ni tumbo, Madam. Tangu asubuhi."

Vaishali alimwona Kasiva nyuma yake. Macho yao yalikutana, na Kasiva akajua kwamba yule mwanamke ameelewa kila kitu, hata yale ambayo hakuambiwa. Alingoja alaumiwe. Vaishali alisema tu kwamba bhajia zinapoa, akarudi kwa wageni wake. Alisema mtoto hajisikii vizuri, na wakapiga makofi kidogo kwa ajili yake, makofi ya mgonjwa.

Nyuma ya pazia Ndinda hakuwa analia. Alikuwa amepanga taa zilizobaki kwa mstari, na alipomwona mama yake aliuliza kama sasa wanaweza kwenda nyumbani. Njiani hakuzungumza juu ya rangi. Aliuliza jambo moja tu, wakiwa wanavuka barabara.

"Ticha amesema ni wote. Ni uongo?"

"Amesema hivyo akusaidie, mwaitu," Kasiva alisema. Alimwita mama yangu kwa Kikamba, kama anavyomwita akimbembeleza.

"Anisaidie nini?"

Magari yalikuwa mengi. Kasiva alisema wavuke kwanza.

Jumapili kanisa lilijaa. Pasta Bramwel aliahirisha jambo hilo hadi baada ya sadaka, akitumaini pengine kwamba watu wangeanza kuondoka, lakini hawakuondoka. Aliwaita Mwanzia na familia yake. Walitembea kupita katikati ya viti ambavyo Kasiva alikuwa amevipanga mwenyewe alfajiri. Wazee walikaa mstari wa mbele, mpiga kinanda akipiga polepole chini chini.

Pasta alieleza kwa maneno machache. Alikuwa na huruma, na alitaka limalizike. Alisema familia hii imesikia sauti ya kanisa na mtoto hakucheza. Hapo mzee mmoja akainua mkono, akasema kwa heshima kwamba ingekuwa vizuri mtoto mwenyewe aseme. Pasta alisita. Kisha akachutama mbele ya Ndinda, akampelekea kipaza sauti.

"Usiogope. Mwambie tu kila mtu. Ijumaa ulicheza ile ngoma?"

Ndinda alimwangalia mama yake. Halikuwa swali gumu. Jibu lake lilikuwa kweli. Lakini mtoto hakujua ni kweli ipi inayotakiwa hapa. Alikuwa na taa alizowagawia wenzake, na ua, na tumbo ambalo halikuuma, na hakujua ni kipi kati ya hivyo kilichosemwa na ni kipi kilichofichwa. Alitafuta usoni mwa mama yake kama mtu anayetafuta namba ya nyumba gizani. Kasiva alitikisa kichwa, kidogo sana, kulia na kushoto.

"Sikucheza," Ndinda alisema. Kisha, kwa kuwa watu walikuwa bado wanangoja, akaongeza, "Sikufanya kitu."

Kanisa lilipiga makofi. Rael alilia. Pasta aliweka mkono juu ya kichwa cha mtoto akaomba, na wazee wakanyoosha mikono, na Mwanzia akafumba macho kwa nguvu, mdomo wake unatetemeka. Watu walidhani ni Roho. Baadaye, mlangoni, mzee yule aliyeinua mkono alimpa Ndinda peremende.

Chumba kikabaki chao. Hakuna aliyetaja tena mpiga kinanda. Shuleni, wiki za mwisho za muhula zikapita, na Mwanzia akaletewa habari kwamba kamati imekubali Ndinda amalize mwaka mwingine, kisha nafasi hiyo haitatolewa tena kwa mtu mwingine. Madam Vaishali alimwambia habari hiyo jikoni, kwa sauti ya kawaida. Kabla ya Diwali alikuwa na desturi ya kuulizia Ndinda anachora nini siku hizi. Sasa alisalimia, akaangalia kama mboga zimeoshwa, akatoka. Mwanzia alimwambia mke wake kwamba wameshinda pande zote mbili. Alinong'ona, na hakuonekana kama mtu aliyeshinda.

Desemba ilipoingia, Rael alianza kuwaandaa watoto wa Shule ya Jumapili kwa Krismasi. Alikuwa amenunua karatasi nyeupe na kalamu za rangi kwa fedha zake mwenyewe, akataka watoto wachore hori na nyota, wabandike kwenye ukuta wote wa kanisa ili wageni wakija waone. Alimwambia Kasiva kwamba anamtegemea Ndinda. Alilisema kwa moyo mweupe. Alikuwa ameiona ile picha. Alijua mkono wa yule mtoto.

Jumamosi asubuhi watoto walilala kifudifudi kwenye sakafu ya kanisa, wakagombania kalamu nyekundu, wakapiga kelele. Kasiva alikuwa anapiga deki upande wa nyuma. Aliona Ndinda ameketi na karatasi yake mbele, kalamu zimepangwa pembeni, hajagusa hata moja. Wenzake walikuwa wameshamaliza nyota. Alimwacha kwanza. Kisha akaegemeza mopu ukutani, akaenda.

"Mbona huchori?"

Ndinda alitazama nyuma, kuona Rael yuko wapi, kisha akamwashiria mama yake ainame. Kasiva akainama. Mtoto alimsogelea sikioni na kunong'ona, sauti ile ile ya chini waliyoitumia nyumbani.

"Hii ni ya kuonyesha ama ni ya kuficha?"

Kasiva alisema ni ya kuonyesha. Alisema chora tu, hii ni yetu, hakuna neno. Ndinda alimwangalia usoni kidogo, akipima. Kisha akachukua kalamu ya kahawia, akalala kama wenzake, akaanza kuchora kwenye pembe ya chini kabisa ya karatasi, kitu kidogo, na mkono wake wa kushoto ukakizunguka kila upande ili mtu akipita asione.